Besi Isiyoficha Jina Lake

Gitaa la kwanza la besi nililolinunua kwa fedha yangu mwenyewe lilikuwa na jina la Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, kichwani, na jina hilo lilibanduka kwa ukucha. Ilikuwa jioni ya siku ya tatu tangu nilitoe dukani. Nilikuwa nimekaa kitandani nikilifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mara herufi ya mwisho ikainua kona yake kama stika ya kwenye tufaha. Niliivuta, na herufi zote sita zikaja mkononi. Mwenye duka, nilipomrudia, alinieleza kwa upole mkubwa kwamba yeye hakuwahi kutamka kuwa gitaa lile lilitoka Marekani, na hilo lilikuwa kweli kabisa, kwa kuwa kazi ya kutamka alikuwa ameiachia stika.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko stika. Mwili niliosifiwa kuwa ni mzito kwa sababu ni mbao ngumu ulikuwa wa plaiwudi, na niliuona mchirizi wa tabaka zake nilipofungua skrubu nne zinazoshika shingo. Uzi ukipigwa wazi, kisha ukabonyezwa kwenye freti ya 12 (freti ni vijiti vya chuma vilivyopachikwa shingoni), hupaswa kutoa noti ileile oktavu moja juu. Kwenye gitaa langu noti hizo mbili zilikuwa zimeachana kiasi kwamba wanakwaya walianza kulalamika kabla sijajua tatizo liko wapi. Vipande vya daraja (kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini) vinavyosogezwa ili kurekebisha kasoro hiyo vilikuwa tayari vimefika mwisho wa safari yao. Daraja lenyewe lilikuwa limefungwa mahali pasipo pake.

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu kwa lugha ya mtaani kila gitaa linalofanana na Fender au la mshindani wake Gibson lakini halikutengenezwa Marekani huitwa feki, na kwa miaka kadhaa nami niliamini hivyo. Leo napiga nakala, naipenda, na sioni kwamba nimerudia kosa lilelile. Feki ni chombo kinachobeba jina la mwingine ili kikuuzie uongo. Nakala ni chombo kinachobeba jina lake chenyewe, kikakuambia waziwazi kwamba umbo na vipimo kimevichukua kutoka kwa mkubwa wake. Ili mtu aelewe kwa nini nakala nzuri ya bei nafuu inawezekana kabisa, hasa kwa upande wa besi, inabidi amjue mtu aliyebuni ile asili.

Leo Fender alikuwa fundi redio. Alizaliwa mwaka 1909 huko California, akasomea uhasibu, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton. Hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Jambo hilo huwashangaza watu wengi, lakini halikumshangaza mzee mmoja fundi redio wa Buguruni ambaye ndiye hutengeneza vyombo vyangu. Nilipomsimulia alisema tu, bila kuinua macho kwenye waya aliokuwa akiuunga, kwamba hata yeye hajui kupiga, na ndiyo maana husikiliza chombo badala ya kusikiliza wimbo.

Mwaka 1951 Fender aliingiza sokoni gitaa la besi aliloliita Precision. Kabla ya hapo mpiga besi alisimama na chombo kikubwa kumzidi urefu, kigumu kubeba, chenye sauti inayomezwa na ngoma na tarumbeta mara tu ukumbi unapojaa. Chombo kile hakikuwa na freti, hivyo mpigaji aliitafuta noti kwa sikio na kwa mazoea ya mkono. Besi mpya ilikuwa na freti, na jina Precision lilitokana na hilo: bonyeza hapa, noti ni hii, bila kukisia. Mwili ulikuwa ubao uliokatwa kwa mashine. Shingo ilikuwa kipande kingine kilichofungwa kwa skrubu nne, ili ikiharibika ing'olewe na kuwekwa nyingine, kama unavyobadilisha mguu wa meza. Umbali kutoka nati ya juu (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) hadi darajani ulikuwa inchi 34, yaani kama milimita 864, na kipimo hicho bado ndicho kinachotumika kwenye besi nyingi duniani.

Kwa maneno mengine, hata ile asili yenyewe haikuwa kazi ya seremala mwenye siri za ukoo. Ilikuwa kazi ya fundi redio aliyetaka chombo kinachoweza kutengenezwa kwa wingi na wafanyakazi wa kawaida, na kurekebishwa na yeyote mwenye bisibisi. Anayenakili kitu cha namna hiyo kwa uangalifu anafanya jambo ambalo umbo lenyewe linamruhusu.

Sehemu ninayoipenda zaidi ilikuja mwaka 1957. Fender aliondoa pikapu moja iliyokuwepo (hili neno limetuponyoka kidogo, kwani kwa watu wengi pikapu ni gari la kubebea mizigo, lakini kwa wanamuziki ni ile sumaku yenye waya uliozungushwa inayonasa mtikisiko wa nyuzi) na akaigawa vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi mbili nene na kingine chini ya nyuzi mbili nyembamba, vikiwa vimepishana kama ngazi. Waya wa kipande kimoja huzunguka kinyume cha mwenzake, na sumaku zake hutazama kinyume. Mngurumo wa umeme unaoelea hewani huingia kwenye vipande vyote viwili, ukatoka ukiwa unafutana wenyewe kwa wenyewe, ilhali sauti ya nyuzi hupita salama.

Anayepiga kwenye studio yenye kuta za sifongo anaweza asione umuhimu wa maelezo haya. Mimi nimepiga kwenye kumbi ambazo umeme hauna waya wa kwenda ardhini, jenereta liko nyuma ya ukuta, na taa za tyubu ziko juu ya kichwa changu. Jirani yangu mwenye gitaa la solo lenye pikapu za kizamani za koili moja moja huwa anavuma kama mzinga wa nyuki hata kabla hajagusa uzi, nami niko kimya. Ukimya huo hautokani na bei. Unatokana na mpangilio wa waya na sumaku, na mpangilio haugharimu zaidi ukifanyika Indonesia kuliko ukifanyika California. Nakala ya dola 300 hunyamaza kama ile asili inavyonyamaza, mradi aliyeizungusha waya alifuata mpango.

Upande wa magitaa ya solo hali haifanani kwa yote. Telecaster ya Fender, ambayo ilitangulia besi ile kwa muda mfupi, inanakilika kwa urahisi kwa sababu zilezile: ubao, skrubu, sahani ya chuma. Les Paul ya Gibson, iliyoanza mwaka 1952 huko Kalamazoo, Michigan, ni habari nyingine. Uso wake umechongwa kwa mwinuko, na shingo yake imegundishwa kwa gundi ikiwa imeinama kidogo kuelekea nyuma. Kazi hiyo inadai muda na mkono uliozoea. Nakala nyingi za awali za miaka ya 1970 ziliruka ugumu huo kwa kuifunga shingo kwa skrubu, na mara nyingi uso wenyewe ulikuwa plaiwudi iliyokunjwa na kuacha uwazi ndani. Kwa mbali zilifanana, lakini ukizishika ulijua.

Ninaposema nakala za miaka ya 1970 nakusudia hasa za Japani. Waafrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana kuhusu kuamini kitu cha Kijapani kilichokwisha kutumika. Nusu ya barabara zetu zinaendeshwa kwa imani hiyo. Viwanda vya Japani vilianza kwa kuiga umbo tu, kisha taratibu vikaiga na yaliyo ndani, hadi Wamarekani wenyewe wakaanza kukosa usingizi. Mwaka 1977 kampuni mama ya Gibson ilimshtaki mahakamani huko Philadelphia msambazaji wa magitaa ya Kijapani ya Ibanez nchini Marekani. Shauri halikuhusu mwili wa gitaa wala sauti yake. Lilihusu umbo la kichwa, lile la Gibson linalofanana na kitabu kilichofunguliwa. Ibanez walikuwa wamekwisha kubadilisha kichwa chao, na mwaka 1978 pande hizo zilipatana. Tangu hapo wauzaji wameligeuza shauri hilo kuwa chombo cha kupandishia bei: kila gitaa la Kijapani la zama zile, hata la kampuni ambayo haikuguswa kabisa na kesi, huuzwa leo likiitwa gitaa la kesi.

Fender walichukua njia nyingine, na kwa maoni yangu ilikuwa ya busara zaidi. Leo Fender alikuwa ameuza kampuni mwaka 1965 kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13, na miaka iliyofuata ilizaa malalamiko mengi ya wanamuziki kuhusu ubora. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, nakala za Tokai za mji wa Hamamatsu, Japani, na zile za jina la Greco zilikuwa zikilingana na Fender ya zamani kuliko Fender mpya ilivyolingana nayo. Mwaka 1982 Fender waliungana na wafanyabiashara wa Kijapani, wakakipa kiwanda cha FujiGen cha Matsumoto kazi ya kutengeneza nakala halali, na kwa soko la nje wakazipa jina la Squier. Jina hilo lilikuwa la watengenezaji wa nyuzi wa Battle Creek, Michigan, ambao Fender walikuwa wamewanunua miaka mingi nyuma. Mwaka huohuo kampuni ilianza pia kutoa upya, kule Marekani, magitaa na besi kwa vipimo vya 1957 na 1962. Mwenye mali alikuwa amegeuka mnakili wa mali yake mwenyewe, na hakuna aliyemwita feki. Zile Squier za mwanzo, ambazo namba zake huanza na herufi JV, zilikusudiwa mtu asiye na uwezo; leo watu wanazikusanya, na besi moja hupita dola 1,000.

Mwaka 2009 swali la nani mwenye umbo lilijibiwa kwa sehemu kubwa. Fender waliomba maumbo ya miili ya Stratocaster, Telecaster na Precision yasajiliwe Marekani kuwa alama zao za biashara, watengenezaji wengine wakapinga, na bodi inayosikiliza migogoro ya alama hizo ikakataa ombi, kwa kuwa maumbo yale yalikuwa yametumiwa na watu wengi kwa miaka mingi hadi yakawa maumbo ya kawaida ya gitaa. Umbo la kichwa limebaki la Fender. Ndiyo sababu ukiona besi yenye mwili wa Precision lakini kichwa kimekatwa mtindo mwingine, uwezekano mkubwa ni kwamba unatazama nakala ya mtu mwaminifu. Niliponunua ile ya kwanza nilitazama mwili na rangi. Siku hizi natazama kichwa kwanza, kisha naligeuza gitaa nione skrubu.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo hunifanya nizichukulie nakala hizi kwa uzito kuliko mpenzi wa magitaa wa Ulaya anayeweka kumi ukutani. Katika miongo ya dhahabu ya muziki wa dansi Tanzania, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilikuja kuwa ya DDC (shirika la maendeleo la Dar es Salaam), Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Mpiga solo, mpiga ridhimu na mpiga besi waliajiriwa wakakabidhiwa magitaa, na waliohama bendi, kama walivyohama mara kwa mara, waliondoka na vidole vyao tu. Kumiliki gitaa la umeme la maana kulimzidi kimo mwanamuziki wa mshahara. Ninapomwona kijana wa kwaya akifungua begi na kutoa besi yake mwenyewe, iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi minane, siwezi kuanza kumhubiria kuhusu sauti ya mbao za 1962.

Besi ninayopiga sasa ni Squier ya mfululizo unaoitwa Classic Vibe, inayofuata vipimo vya miaka ya 1960. Ilitengenezwa Indonesia, na binamu yangu anayefanya kazi Dubai aliibeba kwenye begi gumu kana kwamba amebeba maiti ya sultani. Ikiwa mpya, besi ya namna hii huuzwa kwa dola mia kadhaa. Ile ambayo Fender wanaitengeneza Marekani kwa vipimo hivyohivyo hupita dola 2,000, na iliyotoka kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikiwa haijaguswa, huweza kupita 10,000. Wapo pia wanaolipa maelfu ili kiwanda kiwachubulie rangi ya gitaa jipya lionekane limezeeka. Hao siwaelewi, ila labda nao hawanielewi mimi.

Nakala hii haikufika ikiwa kamili, na sitaki kudanganya juu ya hilo. Sauti ilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa pikapu zake zina sumaku za alniko (mchanganyiko wa metali) kama zile za zamani, badala ya vipande vya seramiki vinavyobandikwa chini ya pikapu za nakala za bei ya chini kabisa. Kilichokosekana ni saa chache za mkono wa binadamu. Mifereji ya nati ya juu ilikuwa haikuchimbwa vya kutosha, hivyo nyuzi zilikaa juu mno karibu na kichwa na noti za freti ya kwanza zikavutika kuwa kali. Tundu la kuchomekea waya wa amplifaya lililegea baada ya mwezi. Kisha tukasafiri na kwaya kwenda Dodoma mwezi Agosti, na hewa kavu ya kule ikauminya ubao wa shingo uliozoea unyevu wa Dar es Salaam, freti zikabaki zimejitokeza pembeni kama meno ya msumeno. Nilirudi na mikwaruzo kiganjani.

Mzee wa Buguruni aliitengeneza kwa siku mbili za kazi. Ncha za freti alizilaza kwa tupa ndogo, akazifuata kwa msasa laini uliolowekwa mafuta. Tundu la waya alilitupa, akaunga jingine alilolichomoa kwenye amplifaya iliyokufa, zito mara mbili ya la kiwandani. Kuhusu nati aliniuliza asili ilikuwa ya nini, nikamwambia mfupa. Akanituma buchani. Nilirudi na mfupa wa paja la ng'ombe, akaniagiza niuchemshe hadi mafuta yaishe, niukaushe juani wiki nzima, ndipo alipoukata, akauchonga na kuuchimbia mifereji minne, akipima kila uzi kwa kuubonyeza kwenye freti ya tatu na kuchungulia nafasi inayobaki juu ya freti ya kwanza. Gharama yote, pamoja na nyama niliyolazimika kuinunua na mfupa, haikufika dola 30. Tofauti kati ya nakala ya kawaida na nakala bora, kwa kadiri ninavyoijua, ni siku mbili hizo. Kiwanda hakikulipwa kwa ajili yake, basi mnunuzi huilipia mwenyewe kwa fundi wake.

Mbao nazo zina kisa. Besi za zamani kuanzia 1959 zilikuwa na ubao wa kubonyezea nyuzi uliotokana na miti ya jamii ya Dalbergia (mbao yake huitwa rosewood), ya Brazil na baadaye ya India. Mpingo wetu, ule wa vinyago vya Wamakonde na wa klarineti za orkestra za Ulaya, ni wa ukoo huohuo: Dalbergia melanoxylon. Januari 2017 biashara ya kimataifa ya ukoo mzima iliwekewa masharti ili kuilinda miti hiyo, na viwanda vya magitaa ya bei nafuu vikakimbilia mbao nyingine. Vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye masharti hayo mwishoni mwa 2019, lakini wengi hawakurudi nyuma. Ubao wa besi yangu ni wa laurel ya India, umepauka kidogo na una vinyweleo wazi. Kila baada ya miezi minne naupaka mafuta ya kitani. Sauti yake sijaweza kuitofautisha na ya rosewood, na wanaodai wanaweza ningependa wafanye hivyo wakiwa wamefungwa macho, ngoma zikipigwa.

Watu wanaotetea asili hupenda kumtaja James Jamerson, mpiga besi wa studio ya Motown huko Detroit, ambaye mkono wake uko kwenye nyimbo ambazo hata asiyemjua amezicheza harusini. Alipiga Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa (zenye uso laini) ambazo hakupenda kuzibadilisha, kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia. Mimi pia namtaja, lakini kwa hoja tofauti. Gitaa lile, alipolipata, halikuwa la kale wala la kukusanywa. Lilikuwa bidhaa ya kiwandani iliyokuwa ikiuzwa dukani kwa mwanamuziki yeyote, kama hii yangu ilivyo leo.

Ile ya kwanza, iliyobanduka jina, sikuitupa. Shingo yake ilikuwa imenyooka, hivyo mzee aling'oa daraja, akalisogeza mahali pake kwa vipimo tulivyochukua kwenye Squier, na sasa inatumiwa na vijana wanaojifunza. Haina jina lolote kichwani. Siku tunaimaliza, mzee alitoa kwenye droo stika ya Fender yenye herufi za dhahabu aliyoachiwa na mteja, akaniambia, "Mwanangu, hii nakupa bure, ipendeze." Nilimshukuru nikaikataa. Aliitazama kidogo, akaona haina sababu ya kupotea, akaibandika kwenye mlango wa friji la soda pale kibandani, na ipo hadi leo.